Mtambuu Haujaambiwa

Mtu yeyote wa kijiji cha Yên Thượng angekutajia kosa la Ngoan kabla hujamaliza kikombe cha kwanza cha chai: alifiwa na mume na hakuiambia miti.

Huku kwetu mwenye bustani akifa, kabla jeneza halijatoka uani, mtu wa nyumba huchana kitambaa cheupe vipande vipande, akazunguka bustani nzima. Kila mti huufunga ukanda na kuuambia kwa sauti: bwana wako ameondoka, vaa msiba, wewe baki. Mti usioambiwa hunyauka ukamfuata. Hata wanaosema hawaamini hufunga, kwa sababu kitambaa hakigharimu kitu na mbalungi mzuri huchukua miaka kuzaa.

Ngoan alijua hayo tangu utotoni. Hakufunga kwa sababu mama mkwe wake, Bi Nghi, ambaye kila asubuhi huipapasa ile miti mmoja mmoja, hakujua kwamba mwanawe amekufa.

Mwana mwenyewe aliitwa Tuyen. Alikuwa mpishi wa wafanyakazi wa ujenzi kule kusini, mwaka hata mwaka, na nyumbani alionekana wakati wa Tet tu, sikukuu ya mwaka mpya. Mwezi wa kumi na moja moyo wake ulisimama akiwa kando ya masufuria yake. Ngoan na kijana wao Quy walikwenda, wakamchoma moto kama watu wa huko wanavyofanya, majivu wakayaweka kwenye hekalu moja mjini Nam Định. Kabla jeneza halijafunikwa, Ngoan alimfunga Tuyen ukanda mweupe kichwani. Anayekufa akimwacha mama yake hai hufungwa hivyo, amwomboleze mama yake mapema, maana siku ya mama ikifika yeye hatakuwepo. Fundo lilimshinda Ngoan mara ya kwanza.

Wakubwa wa ukoo walikaa, wakaamua: mama asiambiwe. Miaka miwili nyuma Bi Nghi alipoletewa habari ya kifo cha mdogo wake alianguka palepale mlangoni, akalala kitandani tangu kupandikiza mpunga hadi kuvuna. Daktari wa zahanati alisema moyo ule hauwezi mshtuko wa pili. Basi Tuyen akavunjika mguu. Hivyo ndivyo alivyoambiwa mama: mwanao amevunjika mguu, hawezi kusafiri, Tet hii hayupo. Kijiji kizima kikaonywa chinichini, na kijiji kizima kikafunga mdomo, jambo ambalo sidhani liliwahi kutokea tangu kijiji kianzishwe.

Wakubwa wakaamua, kisha wakarudi makwao. Uongo wenyewe akaachiwa Ngoan aulee.

Aliulea. Siku ya Tet alivaa blauzi nyekundu, yeye mjane wa miezi miwili. Picha ya Tuyen, ambayo mahali pake ni kwenye meza ya mababu, aliificha ndani ya kopo la mbegu, chini kabisa ya mbegu za madodoki. Alipotaka kumchomea mumewe kijiti cha udi alikwenda kukichomeka chini ya mbalungi.

"Udi wa nini huko?" Bi Nghi aliuliza akiwa mlangoni. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini pua ilikuwa nzima.

"Nafukuza mbu, mama."

"Mbu wa baridi hii?"

"Wachache."

"Wana roho ngumu," alisema Bi Nghi, akarudi ndani.

Kulikuwa na baridi ya kuuma vidole. Ngoan alibaki amechuchumaa pale, amejaa hofu na aibu, akiungoja udi uishe.

Bustani ile ilikuwa kazi ya mikono yake. Aliolewa akaikuta ni dimbwi la bata na vichaka vya migomba. Tuyen alikuwa akirudi mara moja kwa mwaka na kupiga picha, yeye Ngoan ndiye aliyebeba udongo. Miezi ya baridi alilima maua ya Tet: dalia nyekundu, maua ya manjano ya kuweka kwa mababu, na mipichi miwili iliyochanua waridi kando ya lango. Sikukuu ikipita, manyunyu ya mwanzo wa mwaka yakianza, maua yalitoka na mboga zikaingia. Palipokuwa na dalia paliingia mlenda. Palipokuwa na maua ya manjano paliingia matango na kotmiri. Kwenye chanja juu ya dimbwi, madodoki na mamunye.

Mmea mmoja tu haukuwa wake. Ulikuwa mtambuu, umejizungusha kwenye mpopoo karibu na kisima. Tuyen aliupanda mwaka aliozaliwa Quy, akisema mama asihangaike tena kununua tambuu sokoni. Kila asubuhi Bi Nghi alitoka akiushika ukuta, akachuma majani mawili, akayapaka chokaa, akakunjia popoo, akatafuna kwa yale meno yake yaliyotiwa weusi kwa desturi ya zamani. Ilikuwa ndiyo starehe yake ya mwisho, na alikuwa mkali juu yake.

Siku chache baada ya Tet, Ngoan akiwa anang'oa mashina ya dalia, aliona jani la kwanza la mtambuu limegeuka manjano. Kesho yake aliona mengine. Akayachuma upesi kabla mama hajatoka, akayafukia chini ya majivu kwenye tuta la mlenda.

Mti haukuwa mgonjwa. Alichimba kidogo, mizizi haikuoza. Hapakuwa na wadudu. Miaka yote manyunyu haya ndiyo yaliyoufanya mtambuu ule ung'ae. Ngoan alijua ni nini.

Bi Mui, jirani, alijua pia. Alichungulia juu ya ua wa mianzi akiwa na jembe begani.

"Umeanza," alinong'ona, akionyesha kwa kidevu.

"Naona."

"Ufunge, mwenzangu. Ufunge leo."

"Nifunge na yeye anaushika kila asubuhi? Atauliza kitambaa cha nini, nitamwambia nini? Nimeanika soksi?"

"Funga chini, shinani. Tupia majani makavu."

"Na maneno je? Yanasemwa kwa sauti, na yeye mlango ule uko pale."

Bi Mui aligeuka kutazama mlango. Bi Nghi alikuwa ametoka, mkono ukutani, anakuja. Ngoan aliona uso wa jirani yake ukibadilika, akaomba moyoni kwamba mwanamke huyu, ambaye hajawahi kukaa na siri hata ya ndoa yake mwenyewe, aweze kunyamaza kwa muda wa maneno mawili matatu.

"Mui, ni wewe?" aliuliza Bi Nghi. "Nasikia jembe kwako tangu juzi. Unachimba hazina?"

"Napanda madodoki, mama."

"Hukumwita mkwe wangu?"

Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Maana Ngoan alikuwa na kile tunachokiita mkono wa baridi: mbegu akiidondosha yeye, huota. Kila mwaka nyumba zote za njia ile zilimwita adondoshe mbegu ya kwanza ya dodoki, halafu wenyewe wakaendelea. Wakampa mayai, wakampa utani. Mwaka huu hakuitwa na mtu hata mmoja, wala asingeitwa. Mwenye msiba haingii nyumba ya mtu mwanzo wa mwaka, sembuse kugusa mbegu zake.

"Mwaka huu nimejaribu mkono wangu," Bi Mui alisema.

"Mkono wako? Si ndio ulipanda mamunye yakaota magugu?"

"Huo huo, mama. Umepata akili."

"Na nyumba ya pili? Na ya tatu? Wote mikono imepata akili?"

Bi Mui alicheka kicheko kirefu kuliko utani wenyewe, akasema wali wake unaungua, akaondoka. Bi Nghi alisimama akiugeuzia ua uso wake. Kisha akausogelea mtambuu, akapapasa, akachuma jani moja tu. Hakuuliza kwa nini hakupata la pili zuri. Kutouliza kule kulimtisha Ngoan kuliko swali.

Wiki ile sakafu ya nyumba ilitoka jasho kama kawaida ya msimu, nguo hazikukauka, na Bi Nghi akasema anataka kuongea na mwanawe.

"Mguu gani huu usiopona? Nipigie simu."

Mpango wa simu ulikuwepo tangu mwanzo. Quy alifanya kazi bandarini Hải Phòng, na sauti yake ilikuwa nzito kama ya baba yake. Mara mbili kabla ya Tet alikuwa ameongea na bibi yake kwa kupiga kelele, kwa maneno machache, na simu yenyewe ilikuwa ikikwaruza, mambo yakapita. Ngoan alimpigia, akamwambia kwa ukali wa kumtahadharisha, "Baba Quy, mama anataka kukusalimu," akampa bibi simu.

"Tuyen?"

"Naam, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Mguu?"

"Unaendelea vizuri."

"Unakula?"

"Nakula, mama."

Bi Nghi alibadilisha mkono wa kushikia simu. "Jifunike basi mwanangu. Baridi mbaya."

"Mbaya kweli, mama. Leo nimevaa makoti mawili."

Ngoan alifumba macho. Hải Phòng kulikuwa na baridi, ndiyo. Kule kusini alikokuwa baba yake, mwezi huu watu hulala kifua wazi na bado wanapepea. Tuyen alikuwa akilalamikia joto lile miaka yote, na mama yake alikuwa akimcheka.

Alipothubutu kutazama, Bi Nghi alikuwa bado na simu sikioni, ingawa Quy alishakata. Uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa. Aliirudisha simu kwa mikono miwili.

"Amesema anakula," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Vizuri."

Ngoan aliingia jikoni akasimama mbele ya sufuria tupu. Alimkasirikia Quy, akawakasirikia wakubwa wa ukoo waliorudi makwao kula keki za Tet kwa amani, akamkasirikia na Tuyen aliyekufa bila kumuaga. Zaidi ya yote alijikasirikia mwenyewe. Alikuwa hajalia. Nyumba ile haikuwa na kona ambayo mtu angeweza kulia na mzee asisikie, na tangu hekaluni alikuwa ameyameza machozi yote pamoja na chakula. Je, mama ameelewa, au uzee umempitishia maneno? Angelijua, angekuwa ameanguka. Hakuanguka. Basi hajui. Alijirudia hivyo hadi maji yakachemka.

Siku zilizofuata alimchunga mama mkwe wake kwa macho ya mwizi. Bi Nghi alikula kidogo kidogo. Alilala mapema. Kila baada ya Tet alikuwa na desturi ya kufungua sanduku lake na kuanika vitu alivyojiwekea kwa ajili ya mazishi yake: nguo ya hariri ya kahawia, na jora la kitambaa cheupe la kuwafunga watoto na wajukuu vichwani siku hiyo. Alilinunua mwenyewe akiwa bado na nguvu, kwa kuwa hakuamini kwamba watoto watachagua kitambaa kizuri. Mwaka huu hakulianika. Ngoan aliliona hilo, akashukuru, maana hakutaka kitambaa cheupe kionekane popote katika nyumba ile.

Mtambuu ukazidi. Majani yalidondoka yakiwa mabichi, bila hata kungoja kugeuka manjano. Mbalungi nao, ambao wakati huu hujaa vitumba vyeupe, ulikuwa umetoa maua upande mmoja tu, matawi ya upande wa pili yakiwa makavu. Mlenda ulichipua, matango yalichipua, kila alichopanda kwa mkono wake kilitoka ardhini kikiwa na afya. Lakini alichopanda Tuyen, au alichokishika siku zake za likizo, kilikuwa kinaondoka. Ngoan alianza kuona kwamba siri haitavunjwa na mdomo wa Bi Mui wala ujinga wa Quy. Bustani yenyewe ndiyo ingemsimulia mama, jani kwa jani, kila asubuhi, na yeye Ngoan angekuwa anatazama tu.

Asubuhi moja ya manyunyu alichana pindo la shati la zamani la Tuyen, jeupe, akatoka nalo kifuani. Mama alikuwa bado kitandani. Alichuchumaa kwenye shina la mtambuu, akazungusha ukanda. Akafungua mdomo. Maneno hayakutoka. Alijaribu kuyanong'ona, yakakwama vilevile. Akiyasema, Tuyen atakuwa amekufa hapa pia, uani kwake, na hapo tu ndipo alipokuwa bado amevunjika mguu. Kitambaa bila maneno ni tambara. Alikifungua, akakirudisha kifuani, akaingia jikoni kuwasha moto, akijiona mwoga.

Alikuwa anapuliza kuni aliposikia sauti ya kitambaa kinachanwa.

Ilikuwa sauti ndefu, kavu. Ikatulia. Ikaja tena. Ngoan aliacha moto akatoka mbio.

Bi Nghi alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya mtambuu, kichwa wazi kwenye manyunyu. Juu ya mapaja yake lilikuwa lile jora la sandukuni. Alikuwa amechana kanda mbili, na wa tatu ulikuwa umemshinda katikati.

"Njoo," alisema. "Vidole vyangu havina nguvu ya fundo."

"Mama, utalowa. Twende ndani."

"Huu mtambuu haujaambiwa."

Ngoan alisimama.

"Mama, tukae kwanza ndani, tutaongea—"

"Nimeshakaa. Nimekuja na kigoda makusudi. Nikianguka, si mbali." Alinyoosha ukanda mmoja. "Na mimi sijakuuliza kitu, mwanangu. Sikuulizi. Sema na mti."

Ngoan alipiga magoti matopeni. Mkono wa mama mkwe wake ulikuwa umelishika shina, mishipa imetokeza, na Ngoan akapitisha kitambaa juu kidogo ya vile vidole. Alikuwa na hofu ambayo hakuwahi kuwa nayo hata siku ya jeneza. Maneno mawili tu, na moyo huu ulio mbele yake unaweza kusimama. Asiposema, mzee huyu ataketi hapa kwenye mvua hadi aseme. Alimjua.

Akafunga fundo.

"Mtambuu," alianza, na sauti ikamvunjika. Akaanza upya. "Mtambuu. Tuyen aliyekupanda amefariki. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, asubuhi, akipika. Hakuumwa. Vaa msiba. Usimfuate. Mama yake bado anakuhitaji. Baki."

Hakuthubutu kuinua macho. Alitazama vile vidole. Vililibana shina hadi kucha zikawa nyeupe, na pumzi ya Bi Nghi ikaenda ndani na kukaa huko, muda mrefu mno, hata Ngoan akainua mikono tayari kumdaka. Kisha pumzi ikatoka. Ikaingia nyingine. Mzee alikuwa bado juu ya kigoda.

"Ulijua, mama," alisema Ngoan.

"Mjukuu wangu na makoti yake mawili." Bi Nghi alikuwa analia bila sauti, machozi na manyunyu yamechanganyika, wala hakuyafuta. "Nilisema nikinyamaza atakuwa hai siku mbili tatu zaidi. Nawe ulikuwa unahangaika nisijue, nikaona nikuache uhangaike, labda ndiyo inayokupa nguvu ya kuamka. Tumekuwa wajinga wawili. Mti wenyewe ukachoka kutungoja."

Akachukua ukanda wa pili. "Sogea hapa."

Ngoan alisogea. Vidole vile visivyo na nguvu vilimpapasa nywele, vikauzungusha ukanda kichwani pake, vikahangaika nyuma ya kisogo. Fundo lilikuwa legelege. Lakini alipolihisi limekaa, Ngoan alilia. Alilia kwa sauti, bila aibu, kilio alichokuwa amekibeba tangu kusini, na ng'ambo ya ua wa mianzi jembe la Bi Mui likanyamaza.

Bi Nghi alimwacha alie. Mkono wake ulibaki palepale kichwani, juu ya kitambaa. Alipoongea tena, sauti ilikuwa ndogo, na kwa mara ya kwanza tangu atoke nje ilikuwa na woga.

"Na yeye? Mlimfunga?"

"Nilimfunga, mama. Mimi mwenyewe."

"Cheupe?"

"Cheupe."

"Fundo nyuma?"

"Nyuma. Nilikaza."

Bi Nghi alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. Jora lilikuwa bado mapajani, lile alilomnunulia Tuyen avae siku ya mazishi ya mama yake. Alilipapasa, akatafuta ncha, akaupata ule ukanda wa tatu uliomshinda, akampa Ngoan upande mmoja aushike. Wakavuta pamoja, kikachanika hadi mwisho.

"Basi keshanililia," alisema. Alimshika Ngoan begani, akainuka kwenye kigoda. "Nipeleke kwa mbalungi."